Zamu ya Ming'oko

Mimi na mke mwenzangu tumepika kwa zamu tangu siku alipoolewa. Leo jiko langu linawaka, kesho lake. Asiye na zamu hawashi moto. Huletewa chakula chake kimefunikwa kawa. Mume wetu alipofariki hakuna aliyetuambia tuendelee wala tuache, nasi tukaendelea. Tuna nyumba mbili na ua mmoja hapa Mchinga, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga jikoni kwake, wala yeye kwangu. Kwa utaratibu huo tumeishi bila kugombana, namshukuru Mola.

Mimi ni mtu wa pwani. Nilisomeshwa dini na baba yangu, na mpaka sasa nasomesha watoto Kurani barazani kila baada ya alasiri. Yeye ametoka Kilangala, kwa wakulima. Mungu hakumjaalia mtoto. Mimi alinijaalia binti, na binti akanizalia mjukuu wa kike ambaye nilimlea tangu anatambaa. Alifu na bee alizisoma mapajani kwangu. Sasa yuko chuo kikuu Dar es Salaam, na huko ameingia katika kikundi cha vijana wanaochunguza vyakula, mila na mazingira.

Aliponipigia simu kwamba angekuja na wenzake kujifunza chakula cha kwetu, sikulala vizuri kwa furaha. Nilichagua changu wanene kwa wavuvi, nikakuna nazi, nikapaka samaki kwa tui zito, nikapika wali na mikate ya kumimina. Vijana walifika na gari dogo kutoka Lindi, wakaniamkia kwa adabu, wakala mpaka wakalegea. Kijana mmoja mwenye miwani akasema, "Bibi, samaki huyu ni noma!" Mjukuu wangu akacheka, akaniambia nisiudhike, ananisifu.

Kisha akanawa mikono na kusema, "Kesho alfajiri tunakwenda porini na Bibi Mdogo kuchimba ming'oko. Hicho ndicho kilichotuleta hasa."

Ming'oko! Vile viazi pori vyembamba vinavyoota vichakani, ambavyo bara huchemshwa na kuuzwa kwenye mabakuli. Nilikuwa nikiletewa kila msimu chini ya kawa la mwenzangu, huyo Bibi Mdogo wao, nakula viwili vitatu kwa heshima, kilichobaki nawapa watoto wa madrasa. Sikuwahi kudhani mtu angesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili yake.

Walikwenda siku hiyo, wakaenda na siku zilizofuata. Walirudi na vumbi miguuni na vikapu vilivyojaa, wakaketi uani upande wa mwenzangu, na vicheko vikavuka ua vikanikuta barazani. Nilishika msahafu. Macho yalikuwa kwenye mstari, masikio yalikuwa kule.

"Bibi Mdogo, huyu kavunja mti wako wa kuchimbia!" nilimsikia mjukuu wangu.

"Muo wangu? Basi atachimba kwa meno, anayo marefu."

Wakaangua kicheko wote. Mimi mjukuu yule sijawahi kumchekesha namna ile. Nilimfundisha kunyamaza watu wazima wakizungumza.

Siku za zamu yangu nilipika kama kawaida na kupeleka. Sahani zilirudi kesho yake zimeoshwa, na ndani yake ming'oko. Niliiona kama natambiwa. Kila usiku, baada ya isha, nina dua ya kujikinga na shari ya mwenye husuda. Nimeiomba tangu utotoni, na siku zote hasidi niliyemfikiria alikuwa mtu mwingine, anakuja kutoka nje. Safari hii niliikatisha katikati. Mume niligawana naye kwa sheria ya dini, na Mungu alinipa subira. Lakini mjukuu sikuambiwa nigawane.

Siku ya mwisho vijana walitaka kupika ming'oko mbele ya kamera, kisha tule sote kabla hawajaondoka. Nilikuwa nafagia uani nilipoona wameshusha kikapu mlangoni kwa mwenzangu. Yeye alikaa kwenye mkeka wake, mikono mapajani.

"Washa moto basi, Bibi Mdogo," mjukuu wangu akamhimiza.

"Leo siwashi. Zamu ya mkubwa wangu leo."

"Lakini babu hayupo tena. Zamu ya nini?"

"Babu yako alikuwa anakula tu. Zamu ni yetu sisi wawili. Peleka kikapu kwa bibi yako."

Nilishika fagio, nisijue niweke wapi uso wangu. Kikapu kikaletwa miguuni pangu. Mjukuu wangu alinitazama kwa wasiwasi, akijua vizuri kwamba sijawahi kupika kitu hicho maishani mwangu. Ningeweza kusema nina samaki. Samaki nilikuwa nao kweli, nimeshawaparua.

Nikainjika sufuria, nikaijaza maji.

"Dada," mwenzangu akaita kutoka ng'ambo ya ua, "unaipika au unaiogesha?"

Vijana wakacheka, nami nikaona joto limenipanda mpaka masikioni. "Kama unajua sana, njoo!" nikamjibu.

Tulijua sote wawili nilichosema. Akainuka taratibu, akajifunga kanga, akavuka ua. Alisimama kwenye kizingiti cha jiko langu.

"Pita," nikasema.

"Nakaa hapahapa. Zamu ni yako. Punguza maji, yabaki ya kulowesha tu. Chumvi. Sasa funika na uzibe mvuke."

Nilipika, yeye akielekeza kutoka kizingitini, na mjukuu wangu akachuchumaa baina yetu na simu yake, akituelekezea huku na huku. Ming'oko ilizidi chumvi. Waliila yote. Wakati wa kuagana mjukuu wangu alinikumbatia akasema, "Mwakani nikija, Bibi, nawe utakuwa porini?" Kisha akamkumbatia mwenzangu, na nikaona kwamba huko alikawia zaidi. Nililiona hilo waziwazi.

Gari lilipopotea, nilimwambia mwenzangu kabla sijabadili nia, "Kesho nipeleke."

"Wewe? Na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu."

Alfajiri, baada ya sala, nilimfuata na muo mkononi mpaka vichakani. Alinionyesha kufuata mmea unaotambaa mpaka kwenye shina na kuchimba pembeni yake polepole. Nilipong'oa mng'oko wangu wa kwanza nikageuka kuondoka, akanirudisha: shimo lazima lifukiwe na shina liachwe ardhini, lizae tena mwakani. Nikapiga magoti, nikafukia kwa viganja.

Nilipoinuka, naye alikuwa ametoa wa kwake. Ulikuwa mrefu kuliko wangu, tena umenyooka. Nilisema alhamdulillahi, nikahamia kwenye shina lingine.