Ni Nani Anayecheka Ndani ya Mama Hyeonu?

Soko zima la Tongyeong lilimjua Mama Hyeonu kwa dagaa wake wakavu. Dagaa mkubwa hakai na mdogo, aliyevunjika kichwa hapiti, na mteja akithubutu kuvuruga fungu atakiona cha mtema kuni. Watu hawakushangaa. Damu yake ilikuwa kundi A, na huku kwetu Korea nani asiyejua kwamba watu wa A ni makini, waoga wa aibu, wazito wa kucheka? Mwenyewe aliliamini hilo miaka hamsini na sita.

Kisha ikaja saratani ya damu. Hospitali kule Busan wakaiteketeza damu yake kwa dawa kali, wakampandikizia uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa mtu asiyemjua wala asiyeruhusiwa kumjua. Nywele zikaota tena. Siku moja daktari akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba sasa yeye ni kundi O.

“O? Mimi?”

Watu wa O ni wa makelele na vicheko, hawajali kitu. Na kweli, aliporudi sokoni, Mama Hyeonu akaanza kucheka. Alicheka na wapita njia, akaimba, akachanganya dagaa wakubwa kwa wadogo. Mama Sora wa meza ya jirani akawa hana mbavu.

“Shoga, huyo aliyekupa uboho alikuwa mlevi, au?”

“Sijui, mwenzangu. Nacheka, halafu najiuliza ni nani anayecheka.”

Hakuwa anatania. Mwili aliufahamu, lakini aliyekaa ndani alimchanganya akili.

Mwezi wa tisa baada ya matibabu, Jumanne asubuhi, akaona viatu mlangoni vimekaa ovyo.

“Baba Hyeonu! Hapa ni nyumbani au zizini?”

Sokoni akamwaga sanduku zima la dagaa, akachambua upya mmoja mmoja, na mteja wa kwanza akafokewa. Mumewe, Chilbok, aliyekuwa naye mezani, nusura acheze ngoma.

“Mke wangu karudi!”

“A ni A tu, jamani!” Mama Sora akapiga makofi.

Mkono wa Mama Hyeonu ukasimama juu ya dagaa.

“Kila mwezi wanapima damu yangu, waone kiasi gani ni ya yule mtu na kiasi gani ni yangu ya zamani. Unajua kwa nini?”

“Si kuangalia tu?” Chilbok akauliza.

“Ile yangu ndiyo iliyokuwa na ugonjwa, we mwanaume! Ikirudi yangu, na ugonjwa umerudi.”

Chilbok akaketi juu ya sanduku.

Kesho yake wakaenda Busan, damu ikatolewa, wakaambiwa warudi baada ya siku sita. Loo, siku sita gani zile! Mama Hyeonu aliogopa hata kukunja kitambaa vizuri. Alichanganya dagaa kwa makusudi huku roho ikimuuma. Alijilazimisha kucheka, kicheko kikatoka kama kikohozi. Chilbok naye, maskini, akawa anavipiga viatu teke mlangoni ili kumsaidia mkewe awe mzembe. Tungecheka, kama si kwamba mtu alikuwa anaogopa kufa.

Siku ya saba, daktari Eom, binti mdogo kuliko hata mwana wao Hyeonu, akageuza kioo cha kompyuta wakione.

“Damu yote ni ya aliyekupa uboho, mama. Ya kwako ya zamani haimo hata tone. Ugonjwa haujarudi.”

Chilbok akafuta machozi kwa kofia. Mama Hyeonu akamgeukia daktari.

“Sasa Jumanne ile, daktari, nani aliyegomba?”

“Wewe.”

“Na damu?”

“Damu haigombi, mama. Inabeba hewa na kupigana na vijidudu, basi.”

“Na kucheka? Miezi ile yote?”

“Ulikuwa wewe. Labda ulifurahi kuwa hai.”



“Kumbe ningeweza kucheka tangu zamani,” Mama Hyeonu akasema. “Hata siku ya harusi yangu.”

Chilbok akamnyooshea kofia yake. Mkewe akaanza kulia pale pale kitini, na hakujua kama analilia kupona au analilia harusi ile.