Isale Nyuma ya Bamba

Sipendi mtu apande gari nikiwa chini yake. Wote tuliofanya nao kazi gereji pale Moshi wanalijua hilo, na waliojisahau nimewahi kuwarushia spana. Watu wanasema ni ukorofi wangu tu. Ukorofi ninao, sikatai, lakini hili lina chanzo chake.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na landrova ya kubeba ndizi na abiria kati ya mjini na Kilema. Masika moja, kwenye mteremko wenye utelezi, jiwe liligonga pale springi ya nyuma inaposhikana na chesisi, likang'oa kishikio chote. Gari likaingia korongoni. Abiria waliruka, yeye hakuwahi. Tulimzika kihambani, shamba la nyumbani kwetu, kati ya migomba, na lile gari likavutwa hadi nyumbani, kwa sababu mama alisema kitu cha mwanawe hakiwezi kulala porini.

Basi, gari likakaa uani, kuku wakataga ndani yake. Ila mchana ukungu ukishuka kutoka mlimani, springi ya nyuma ilikuwa inalia: nyiii, mara moja, halafu kimya, kama mtu amepanda akakaa. Mimi ni fundi, najua chuma kikipoa kinajinyoosha na kinalia. Lakini mama akiisikia aliacha kumenya ndizi, akageukia uani, akasema, "Amekuja kukaa kidogo." Nikawa natafuta visingizio vya kubaki mjini.

Ikaja miaka ya biashara huria. Wanunuzi binafsi walipanda na mizani zao hadi mlangoni, watu wakafurahi, halafu bei ya kahawa ikaporomoka na majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Mjini watalii waliongezeka. Mdogo wangu, kitinda mimba, ambaye kwetu ndiye anayebaki na mama na kurithi nyumba, akasema atalifufua lile gari abebe mizigo ya wapanda mlima.

Mama akakataa katakata. "Hilo limeshakula mmoja. Huyu akienda, mimi nabaki na nani?" Walivutana mpaka wakafikia kununiana, watu wawili ndani ya nyumba moja. Mwishowe akalainika, kwa sharti kwamba mimi mwenyewe nichomelee chuma pale jiwe lilipouma, kulia na kushoto, chuma ambacho jiwe halitakiweza.

Tukalivuta gari hadi gereji. Bosi wetu alikuwa mzee Kalasinga ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Tulirudishia vishikio vya springi, kisha nikakata bamba nene, nikalikunja kama kiatu, lifunike kishikio kwa chini na kwa mbele. Mzee akanikumbusha jambo alilolirudia kila siku: "Nyuma acha mdomo wazi, matope itoke. Wewe ukifunga kote, umejengea kutu nyumba."

Nilikuwa kwenye shimo la gereji, chini ya gari, upande mmoja nimeshaumaliza, springi ikalia juu ya kichwa changu: nyiii. Nikapiga kelele, "Mpumbavu gani huyo anapanda?"

Sauti ya mama ikajibu kutoka nyuma ya gari, taratibu kabisa. "Mjini hakuna shikamoo siku hizi?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mzee Kalasinga alijifanya anatafuta kitu kwenye boksi la vifaa, mabega yanamtetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka huko nikuone."

Nikatoka na masizi yangu. Akashuka, akafungua pindo la kanga, akatoa jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, limefungwa fundo. "Weka hili ndani," akasema, "kati ya chuma na chuma, kisha ufunge."

"Mama, jani litaungua! Moshi wake utaingia kwenye weldi, itakuwa na matundu kama kitumbua. Unataka mwanao afe kwa ajili ya jani?"

Neno lilishatoka. Mama alilishika tu lile jani kwa mikono miwili, amelinyoosha mbele yangu. Na kwetu mtu akikuletea isale, hata kama ni yule aliyekuulia ng'ombe, humrudishi nalo. Ni ombi lisilokataliwa.

"Si wewe ninayekuomba," akasema. "Namwomba kaka yako. Asimwite mdogo wake."

Nilisubiri chuma kipoe, nikalisukuma jani kupitia ule mdomo wa nyuma. Na la upande wa pili pia, maana alikuwa amekuja na mawili.

Mdogo wangu akaanza kazi. Barabara zilizovunja magari ya wenzake yeye alizipita, na bamba likirudi limekwaruzwa na mawe mpaka linang'aa. Kila alipofika nyumbani, kabla hajanywa hata maji, mama aliinama nyuma ya gari na kuingiza mkono chini ya bamba. Asubuhi gari haliondoki hajaingiza tena. Nilikuwa namtania, "Mama, unalilisha?"

"Nalilisha. Na wewe nyamaza."

Miaka ikapita hivyo, kisha mama akafariki wakati wa vuli, kitandani kwake, mdogo wangu amemshika mkono. Tulipomaliza msiba akaniletea gari nilikague. Nikagonga bamba kwa nyundo, likaitika kwa sauti nzito, ya kitu kilichojaa. Nikalikata kwa grenda.

Ndani mlikuwa na isale tupu. Majani meusi, yaliyooza, yameshindiliwa moja juu ya jingine mpaka mdomoni, na la mwisho kabisa bado lina ukijani na fundo lake. Mama hakuwahi kutoa la zamani, alikuwa anaongeza tu. Matope yalikosa pa kutokea, maji yakalala humo. Nikachoma kishikio cha springi kwa bisibisi, ikazama kama kwenye parachichi lililoiva. Hapakuwa na chuma pale. Palikuwa na kutu iliyosahau kudondoka. Upande wa pili ni vilevile.

Nilimkasirikia mama, mtu aliyekwishazikwa, nikamkasirikia mpaka machozi yakanitoka. Alikuwa anamuua mwanawe kwa mikono yake mwenyewe huku akimlinda. Halafu hasira ikanipoa na hofu ikaingia, maana nilijua kazi yangu. Bamba lililochomelewa kwenye kutu halibebi gari. Hili lilikuwa limepanda na kushuka mlima, na mizigo, na watu, na mdogo wangu kwenye usukani. Limeshikwa na nini?

Nikatengeneza vishikio vipya, nikakata mabamba mapya. Nilipokuwa karibu kumaliza, mdogo wangu akaja na isale, amelikata kwenye yale yaliyopandwa kaburini kwa mama.

"Una wazimu?" nikamwambia. "Hujaona lilichofanya?"

"Nimeona, kaka. Nimeona pia kwamba sikufa."

Nilitaka kumzaba kofi. Akalinyoosha kwa mikono miwili, vilevile kama mama. Nikalipokea. Nikamwapisha kwamba kila akiweka jipya atatoa la zamani, nikarudi shimoni.

Wenzetu walikuwa wameenda kula. Mdogo wangu alisimama mbele ya gari, nilikuwa naiona miguu yake ukingoni mwa shimo. Nikaingiza jani. Springi ya nyuma ikalia juu yangu: nyiii, mara moja, na gari likashuka kidogo.

Ile miguu haikuwa imesogea. Nilikuwa na spana mkononi. Nikaiweka chini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mdogo wangu hakuniuliza naongea na nani. Nilimsikia kule mbele akisema naye, kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."