Siku Mwalimu Alipovaa Macho ya Dada Yangu

Katika shule yetu ya msingi, karibu na Kimilili, kiti chako kilitokana na nambari yako. Mitihani ya mwisho wa muhula ikishasahihishwa, mwalimu wa darasa alitusimamisha wote nje, akasoma orodha. Nambari moja aliingia akakaa dawati la mbele, nambari mbili kando yake, hivyo hivyo mpaka wale wa mwisho, ambao waliishia karibu na dirisha lisilo na kioo. Safu hiyo tuliiita Uganda, kwa sababu aliyefika huko alikuwa amevuka mpaka.

Dada yangu alivuka akiwa darasa la nne. Alikuwa haoni mbali. Leo nalisema jambo hilo kwa sentensi moja kwa sababu kupima macho ndiyo kazi yangu, lakini wakati huo hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Alidhani watu wote huona ubao ukiwa na moshi, na kwamba wenzake walikuwa na akili ya kuupenya huo moshi. Alinakili tatu mahali pa nane, moja mahali pa saba, akakosa hesabu, akarudishwa nyuma. Kule nyuma akaona kidogo zaidi, akakosa zaidi. Ungetaka kumpoteza mtoto asiyeona mbali, usingebuni mpango bora kuliko ule.

Mwalimu wao wa darasa alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipanda nao hadi darasa la saba. Alipenda kumwinua dada yangu asome hesabu ya ubaoni akiwa kule kule nyuma. Dada alikunja macho, darasa likacheka.

"Macho unayo," mwalimu alimwambia. "Kazi yake nini?"

Kisha fimbo. Dada aliacha shule kabla ya kufika darasa la nane, na hakuna mwalimu aliyekuja nyumbani kuuliza yuko wapi.

Mimi nilimfuata kwa miaka miwili, na macho yale yale. Tukiteka maji aliniambia, "Usitoke mbele. Hata ukiwa mgonjwa, soma. Ukienda nyuma haurudi." Nikashikilia dawati la mbele kwa meno. Miwani niliipata sekondari, baada ya mwalimu wa baiolojia kuniona nikisoma kitabu kikiwa kimegusa pua. Watu hudhani nilisomea macho kwa sababu ya huruma. Nilisomea kwa hasira, na sijawahi kuona haya kusema hivyo.

Nilipoajiriwa katika kliniki ndogo ya macho mjini Kitale, mtu wa kwanza kumpima alikuwa dada. Wakati huo alikuwa akiuza maharagwe soko la Myanga, na sokoni walimwita mwenye maringo. Alipungiwa mkono kutoka ng'ambo ya barabara, asijibu. Kwetu, mtu asiyejibu salamu ana lake jambo, na wengine waliacha kabisa kununua kwake. Siku ya kwanza alipokaa kibandani na miwani, alimwona fundi wa cherehani upande wa pili akimpungia.

"Kumbe huyu mama hunisalimia," akasema.

Nilidhani angefurahi. Alilia kwa uchungu, akafunga kibanda kabla ya saa sita.

Mwaka jana, mwalimu wa hesabu aliingia kliniki kwetu. Alikuwa amestaafu na kununua shamba nje ya Kitale. Sauti yake niliijua kabla sijainua kichwa. Yeye hakunijua. Alikuja na mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi.

"Daktari, huyu ameshuka mpaka amekuwa nambari ya mwisho," akasema. "Ati haoni ubao. Si ni uvivu tu, bana. Mama yake ndiye amenilazimisha nimlete. Mimi ni mwalimu, najua uvivu nikiuona."

Nilimpima msichana. Kwenye chati aliona ile herufi kubwa ya juu peke yake, na hata hiyo aliikunjia macho, kisha akanitazama mkononi kuona kama nimeshika kitu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini.

"Mwalimu," nikasema, "na wewe njoo ukae hapa."

Nakiri nilitamani nimkute na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakuwa na ugonjwa huo. Kwa kuona karibu macho yake yalikuwa yamezeeka, lakini mbali aliona vizuri, na hilo liliniudhi zaidi. Nikamvalisha ile fremu nzito ya kujaribia, nikachagua lenzi za kumfanya aone mbali jinsi mjukuu wake alivyoona, si zaidi, si pungufu.

"Soma."

"Umeweka nini? Sioni kitu."

"Macho unayo, Mwalimu. Kazi yake nini?"

Aligeuza uso kunitafuta. Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo mjukuu wake anavyouona ubao, na ndivyo dada yangu alivyouona. Nikamtajia shule, darasa, safu ya nyuma, dirisha lisilo na kioo.

"Unamkumbuka?"

Alijaribu, sitamnyima hilo.

"Wa nyuma walikuwa wengi, binti yangu," akasema. "Mimi nakumbuka wale wa mbele."

Nilimwambia akaningoje kwenye benchi la mwisho la veranda, na fremu asiivue mpaka nimwite. Sijui kwa nini alitii. Mjukuu alimshika mkono akamwongoza, kisha akarudi kwangu. Nikiwa namchagulia msichana miwani, niliwaona dirishani watu wakipita nje. Mmoja alimsalimia mzee kwa mbali, kwa kupunga mkono, naye hakujibu.

"Siku hizi mwalimu ana maringo," yule mtu akamwambia mwenzake.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka msichana akaniuliza nacheka nini.

Baadaye nilimwita mzee, nikamvua fremu. Nikampa barua ya kupeleka shuleni kwa msichana, kwamba mtoto akae dawati la mbele hata akiwa nambari ya mwisho. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Pole," akasema.

"Anayestahili kuambiwa si mimi," nikamjibu, nikaita mgonjwa anayefuata.

Jumamosi nilikwenda Myanga kumsimulia dada. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilipofika pale pa maringo, alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Kisha akaacha kucheka.

"Ulimwacha na hizo lenzi muda gani?"

"Kama dakika ishirini."

Akavaa miwani yake, akatoa changarawe moja kwenye ungo, akaitupa.

"Mimi miaka minne," akasema. "Na ukamvua?"

"Nilimvua."

"Mbona?"