Nimevua Kanzu Bure Mnazi Mmoja

Jamani, leo nimevua kanzu mbele ya umati wote wa Mnazi Mmoja, na mpira sikuugusa!

Misimu miwili mimi ni mchezaji wa akiba. Leo tunacheza na makarani wa serikali, winga wetu hakutokea. Nahodha akatugeukia mimi na Athumani, akiba mwenzangu, niliyemfundisha mpira mwenyewe.

"Vua, uingie!"

Nikavua upesi, nikabaki na bukta.

"Si wewe, Mbwana. Nimemwambia Athumani."

Watu wakacheka. Athumani hakucheka. Akanikabidhi kanzu yake, akaninong'oneza, "Kaka, nisamehe."

"Nenda bwana, wanakungoja."

Kacheza vizuri, siwezi kusema uongo. Ila nimechoka, jamani.

Sasa mke wangu ananiuliza, "Leo umecheza?"

Nimjibu nini?