Chumvi ya Kuimbwa

Enzi zetu, kabla redio haijaingia kila nyumba ya kambi yetu ya wafanyakazi hapa Élisabethville, masomo yote tulifunzwa par cœur, yaani kwa moyo. Nilimuuliza mwalimu: kama moyo ndio unaokariri, kwa nini fimbo yake inapiga kichwa? Nilisimamishwa ukutani hadi saa sita.

Jibu nililitafuta mwenyewe. Mama alipopika kichwa cha mbuzi, jikoni moshi wa makaa ukituchoma macho, nilimwomba niitazame bongo kabla haijaingia sufuriani. Ilikuwa nusu mbili, kama karanga iliyobanduliwa, imejaa mikunjo, na kisogoni imebeba kidonge kidogo. Wazee walitukataza kuila, eti tutasahau masomo. Nilionja. Sikusahau kitu.

Mwaka uleule, asubuhi moja, kikombe kilimponyoka Baba mkono wa kulia, mdomo ukapinda, maneno yakamwisha. Alielewa yote tuliyosema, lakini yeye alitoa "ti, ti" tu. Na kambini, asiyeweza kazi alirudishwa kijijini pamoja na watoto wake. Kapita, msimamizi wa kazi, alimpa Mama wiki tatu: Baba akiitikia jina lake kwenye apeli, ule wito wa asubuhi, atapewa kazi ya kulinda vifaa. Asipoitika, tufunge mizigo.

Jumapili majirani walikuja kumwombea. Walipoanza wimbo, Baba aliuimba wote, kila neno mahali pake. Shangazi alikunja uso.

"Kuimba anaweza, kusema njo inamushinda? Huyu kaka yangu iko anakimbia kazi."

Kesho yake Mama alilitia jina la Baba ndani ya wimbo uleule, na nyumba nzima ikaanza kuimba. Maji tuliyaomba kwa kuimba, bukari, yaani ugali, hivyohivyo, hata chumvi, huku sisi watoto tukipaliwa kwa kicheko.

Siku ilipofika, kapita alisoma: "Mbuyi." Baba akavuta pumzi, akaimba: "Mbuyi niko hapa, niko hapa." Mstari mzima ukacheka. Kapita alicheka pia, kisha akamwandika.

"Iko bien, Papa Mbuyi. Lakini kesho usituletee kwaya."

Chuoni nimesoma kwamba kwa watu wengi maneno hukaa nusu ya kushoto ya ubongo, ileile inayoendesha mkono wa kulia, na kwamba wimbo una njia yake hata katika nusu ya pili. Kile kidonge cha kisogoni hutushikia mizani tusianguke. Shina lililo mbele yake huendesha pumzi hata tukilala. Mimi ni mgumu wa kuamini, lakini hapa kila mara nafunga kitabu. Nusu moja ya Baba ilikuwa imefunga mlango, na Mama, asiyejua kusoma, akabisha kwenye ile nyingine.

Wadogo zangu hunicheka nikisimulia haya. Wana redio sasa, na wanajua nyimbo zote bila kufungua kinywa. Baba tulimzika mwaka jana. Siku hizi mezani, chumvi tunaiomba kwa kusema tu.