Zipu ya Zimwi

Mukonyo ni bibi mzee, fundi wa nguo kule Dagoretti, na kazi yake ni safi. Suti zake za harusi, hata ukizigeuza ndani nje, huoni uzi unaoning'inia. Lakini watu hawamjui kwa suti. Wanamjua kwa zimwi.

Miaka mingi iliyopita jirani yake Wachira alitengeneza sinema ya zimwi linalokula watu. Mukonyo akalishona kwa ngozi za mbuzi kutoka kichinjioni, na kijana mmoja, Oyoo, akalivaa. Sasa, pale zimwi linapoinama kumshika mke wa chifu, zipu ya mgongoni inaachia na shati la bluu la Oyoo linachungulia. Sinema ya kutisha ikawa ya kuchekesha, na mpaka leo watu hawaichoki. Mukonyo mwenyewe hajawahi kuimaliza. Ikifika hapo, hufunika macho.

"Wachira, hiyo kitu inaniaibisha," alimwambia juzi juzi. "Wateja wananiuliza kama zipu zangu zitashika."

Wachira ana huruma. Akaipeleka sinema kwa watu wa kompyuta, zipu ikafutwa, kisha akamwalika Mukonyo aje aione kwenye ukumbi wa kanisa pale Jamhuri. Nilikuwa napita, nikaingia.

Ukumbi ulijaa, hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Mke wa chifu alipoanza kukimbia, wote wakasimama. "Zipu! Zipu! Zi..."

Zimwi likainama, mgongo laini kabisa. Hakuna zipu, hakuna shati.

"Wachira, umetuibia!" akafoka Anita, muuza mboga. "Zipu iko wapi?"

Wachira akatazama chini, hakumtaja mtu. Kelele zikazidi. Mukonyo akavutavuta leso yake, mwishowe akasimama.

"Ni mimi niliomba itolewe. Mimi ndiye niliyeishona."

"Aii, shosho!" Anita akamwambia yule bibi, sauti imeshuka. "Huyu mtoto wangu anaogopa hilo zimwi vibaya sana. Akiona tu shati, anaacha kulia. Sasa nimwambie nini?"

Mtoto kweli alikuwa analia. Mukonyo akamtazama kidogo.

"Basi, Wachira, weka ile ya zamani. Lakini mjue zipu ilikuwa nzuri. Oyoo ndiye alinenepa!"

"Mama, si ni nyinyi mlikuwa mnanilisha matumbo kila siku?" Oyoo akajibu kutoka nyuma.

"Nani alikulazimisha?"

Walikuwa bado wanabishana zipu ya zamani ilipoachia kwenye skrini na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mukonyo akageuka haraka, amechelewa.

"Wachira," akaita, "rudisha kidogo. Sijaona."