Seli Zinazojaa Upesi

Nilipoulizwa nataka betri ya aina gani, nilijibu kama mwalimu wa hesabu, na hilo ndilo lililoniponza. Nilitaja aina ya seli, nikataja na namba zake, nikaeleza na sababu. Wanajumuiya wenzangu wa kanisani wakawa wanatikisa vichwa kuitikia, mama mmoja hata akasema amina. Sasa mtu akikusikiliza namna hiyo, si utadhani amekuelewa?

Ngoja nianzie nilipo. Ninaishi mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, chumba kimoja cha kupanga, na ninatembelea kiti cha magurudumu tangu ajali iliyoniacha bila hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Shule niliyokuwa nikifundisha iliniaga kwa blanketi na hotuba ndefu. Nami nikaona sitakaa chumbani nikisubiri kutembelewa na kusomewa zaburi, nikaanza kufundisha watoto makwao: mmoja hapa karibu, wengine Frere Town. Wazazi wakanipenda kwa sababu ni mkali. Mimi ni mkali, sikatai.

Kiti chenyewe ni cha umeme, nilikipata kwa wasamaria kikiwa kimeshatumika. Kina kijiti mkono wa kulia. Ukikisukuma mbele, kinakwenda. Wenye miguu hamjui raha ya kusema "haya, kwaherini" na kuondoka saa ile ile, bila kutafuta mtu wa kukuondoa. Kabla ya hapo nilikuwa nasukumwa. Anayekusukuma akikutana na mwenziwe lazima asimame, na salamu zetu za huku si za kupungiana mkono. Wa nyumbani hawajambo? Mgonjwa aendeleaje? Na ile kesi ya shamba yenu? Nawe umeachwa umeelekea ukuta, huwezi hata kujigeuza. Nimeshazitazama kuta nyingi za Kisauni, wallahi, na mimi Mkristo naapa hivyo kwa sababu kiapo kingine hakitoshi.

Basi betri ya zamani ilipokufa, nililia. Sikulia kwa ajili ya betri, nililia kwa sababu ya zile kuta.

Shida yangu kubwa ni stima. Mwenye nyumba wetu anaruhusu taa na simu tu. Alisikia mahali kwamba betri za viti na pikipiki hulipuka, akakataza zisichajiwe ndani ya nyumba zake, na ukimbembeleza anakuambia nyumba ni zake, si za serikali. Soketi pekee niliyokuwa nayo ni ya saluni ya jirani yangu mmoja, kwenye njia ya Frere Town. Yeye hunipa nusu saa hivi ya adhuhuri, wakati hana mteja wa kukaushwa nywele. Zaidi ya hapo mashine yake na chaja yangu haziwezi kukaa pamoja, na kuiacha betri hapo usiku hakufai, kibanda ni cha mabati na wezi wetu hawalali.

Kwa hiyo nusu saa ndiyo riziki yangu yote ya umeme kwa siku. Nikakaa na simu yangu nikasoma habari za seli, vile vipande vinavyoungwa kuwa betri, mpaka macho yakaniuma. Kila seli ina mambo mawili ya kutazama: inabeba umeme kiasi gani, na inakubali kuupokea kwa kasi gani. Watu wote hutazama la kwanza, maana ndilo limeandikwa ubavuni kwa maandishi makubwa. La pili liko kwenye karatasi ya kiwanda, huko chini. Na mara nyingi hayaendi pamoja. Seli inayobeba sana hunywa polepole, na ukiilazimisha inapata moto, inavimba, inaharibika. Ile iliyotengenezwa kujaa upesi hubeba kidogo, lakini inaweza kushiba ndani ya hiyo nusu saa bila kulalamika. Kidogo hicho kilinitosha kabisa kumaliza mzunguko wangu na kurudi nyumbani. Nikampigia simu fundi mmoja wa betri huko Changamwe, akasema zote mbili anaweza kuziagiza na kuziunga, nichague.

Nikachagua ya kujaa upesi. Jumuiya ikachanga, Mungu awabariki, nami nikawapa jina la seli na kila kitu.

Jumapili ya kukabidhiwa nilipelekwa mbele ya madhabahu nikiwa nimesukumwa. Mweka hazina wetu, mzee mpole anayefanya kazi kwenye yadi ya makontena, akasimama na boksi limefungwa utepe mwekundu. Akasema, "Mwalimu wetu mnamjua. Ukimkaribisha chai atakuambia nusu kikombe. Tumemwuliza betri, naye akachagua iliyo ndogo ili asitulemee. Nasi tukasema hapana! Mwalimu wetu hapewi nusu kikombe. Tumemchukulia inayobeba mara mbili!"

Vigelegele vikapigwa. Mimi nikainua mkono.

"Jamani," nikasema, "lakini mimi nilitaka ile ndogo."

Wakacheka. Kanisa zima likacheka kwa mapenzi, mwenzenu nimekaa pale na kweli yangu mkononi kama mtu aliyevaa nguo nje-ndani. Nikajaribu tena, nikasema si udogo ninaoutaka, nataka kujaa upesi. Mama mwenyekiti wa jumuiya akaniinamia akaninong'oneza, "Pokea baraka, mwalimu. Usione haya." Ningefanya nini? Ningewarudishia boksi na utepe wake, mbele ya wamama waliouza mahamri ili wachange? Nikasema ahsanteni. Wakataka niseme kwenye kipaza sauti, nikasema tena.

Mweka hazina alikuwa ameichaji kwake mpaka ikajaa pomoni. Kwa hiyo siku za mwanzo, aisee, nilitamba. Nilikwenda Frere Town nikarudi, nikapita soko la Kongowea bila haja yoyote, nikaulizia bei ya nazi nisizotaka. Nikaanza hata kujiuliza kama labda wao walikuwa sawa na mimi ndiye mbishi. Kisha ikaanza kuisha, na kuijaza ndiko kukawa hakuna. Nachomeka adhuhuri, nachomoa wakati mteja amefika, na taa ya chaja haijabadilika hata rangi.

"Mwalimu," mwenye saluni akaniambia, "hii betri yako yala kwa haya kama bibi harusi."

Iliponizimikia njiani mara ya kwanza, jua lilikuwa kali. Watu wa huku hawamwachi mtu barabarani. Walikuja wawili kabla sijaomba, wakanisukuma huku wakiulizana wao kwa wao nakwenda wapi. "Mpeleke kwa yule daktari," mmoja akasema. Nikapiga kelele kwamba mimi ndiye mwalimu na nina kipindi. Wakacheka, wakaniita bibi mkali.

Nilimpigia mweka hazina. Akasema, "Hiyo ni kubwa, mwalimu, yataka subira." Akaja siku moja na spana, akaifungua akaenda kuichaji kwake, nami nikashinda siku mbili kwenye kiti kisichokwenda. Baadaye zamu zake kazini zikabadilika, na mimi sikuwa na uso wa kumsumbua.

Ndipo nikampigia fundi. Nikamwuliza kama atatoa seli hizo aniwekee zile nilizotaka. Akasema aliyeziuza hakubali kuzipokea zikishaungwa. "Ila mama, chaja kubwa naweza kukupa. Itaingiza upesi."

"Zitapata moto?"

"Zitapata joto kidogo. Tutaangalia."

Tutaangalia, anasema, naye yuko Changamwe, upande wa pili wa mji! Jibu sahihi nilikuwa nalijua, ningeweza kulifundisha darasani. Lakini nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kubebwa njia isiyokuwa yangu, na mwili ukichoka akili nayo hukaa kando. Nikamwambia ailete kwa mtu wa pikipiki.

Chaja hiyo ilikuwa inavuma kama feni. Siku ya kwanza taa ilipanda, nikafika nyumba zote za Frere Town na kurudi, nikaimba njiani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mteja mmoja pale saluni alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyojifungia msalani wageni wa mahari walipofika, nasi tunacheka, mimi nikicheka kuliko wote. Mwenye saluni akasimama na kitana hewani.

"Mwalimu, chanuka nini?"

Nikasema labda ni mashine yake. Akainama. "Yallah! Mguu! Mguu wako, mwalimu!" Akang'oa plagi kwa nguvu mpaka soketi ikatoka ukutani.

Boksi chini ya kiti lilikuwa limevimba ubavu, limeegemea shavu la mguu wangu, na ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na kuanza kubambuka. Mimi sikuhisi kitu. Nilikuwa naungua huku nacheka habari ya mume wa mtu. Wale wanawake wakaanza kulia, nami nawatazama wakiulilia mguu wangu, nikashikwa na woga ambao sijawahi kuupata hata siku ya ajali.

Nilifungwa bandeji, nikaambiwa nisiende popote mpaka kidonda kikauke. Watoto wa Frere Town mitihani ilikuwa imewakaribia, wazazi wakatafuta mwalimu mwingine. Wakaniletea matunda, wakaniambia nipone kwanza. Aliyebaki ni yule mtoto wa hapa karibu tu.

Jumuiya ikaja kusali kwangu. Wamejaa chumba kizima mpaka mlangoni, mweka hazina amekaa kwenye ndoo amekunja uso, macho mekundu. Sala ilipokwisha akasema, "Mwalimu, tulikosa. Leo sema wewe mwenyewe uitakayo, nami nitaisimamia hiyo hiyo."

Nikaeleza. Nikaeleza polepole, kama ninavyomweleza mtoto mgawanyo, hapa inabeba, hapa inapokea, na mimi nina nusu saa tu. Nikamwona anafunguka uso.

"Kumbe hukuwa unajinyima!" akasema. "Uliitaka kwa vile inajaa upesi!"

"Ee, baba! Upesi!"

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, mtu alikuwa amesikia nilichosema badala ya kusikia adabu yangu.

Mama mwenyekiti akaniwekea mkono begani. "Lakini upesi wa nini, mwalimu wangu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na huruma tupu. "Betri zimeshakuunguza. Tumekaa, tumepanga zamu, kila siku ina mtu wake. Wataka kukimbilia wapi peke yako? Sisi si tupo?"

"Tupo," wakaitikia wote.

Nikamgeukia mweka hazina. Akanitazama, akatazama bandeji, halafu akatazama mikono yake. Nami nilikuwa na majibu mengi, niliyapanga kooni, yote yakaonekana ni matusi kwa watu waliokuja na uji na shuka safi. Nikasema ahsanteni.

"Zamu ya leo yangu," mama mwenyekiti akasema kwa furaha. "Twende ukapunge upepo kidogo nje." Akashika vipini nyuma yangu, akaachia breki, na tukaondoka kabla sijasema kama nataka.